Lori Liliwasha Taa Mara Mbili

Mwenzangu kazini hapa Kasulu amenunua gari dogo la kijivu, la milango minne. Juzi alinifungulia mlango wa mbele nikae nilionje. Sikukaa. Harufu ilinipiga kabla sijainama: vitambaa vya viti vilivyochomwa na jua, plastiki mpya, na kile kidubwana cha manukato kinachoning'inia kwenye kioo. Nikamwambia nina haraka, nikaenda zangu kwa miguu. Nadhani alidhani nimemwonea wivu. Haikuwa wivu. Ilikuwa hasira ya siku nyingi ambayo haijapata pa kutua, na ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye barabara yetu hii kabla ya lami, huenda mkanielewa.

Baba yangu, Zakayo, alikuwa dereva wa lori. Lori lenyewe lilikuwa la Mzee Salum, mfanyabiashara wa Kasulu ambaye wazee wake walitoka Pwani, na kazi ya baba ilikuwa kukusanya maharage na mahindi Busunzu na vijiji vingine vya Kibondo na kuyapeleka Kasulu, mara nyingine mpaka Kigoma. Sisi tuliishi Kibondo, nyuma ya soko. Baba akirudi nyumbani nguo zake zilinukia dizeli na magunia, na vumbi jekundu lilikaa kwenye mikunjo ya shingo yake hata akioga. Alipenda kutusimulia habari za barabara kama mtu anayesimulia habari za ndugu mgonjwa. "Leo pale kwenye kona ya mchanga hali si nzuri," angemwambia mama, na mama angesema, "Maskini," huku akipakua ugali.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akipenda kupanda lori lile. Baba alimnyanyua kama mtoto, akamweka mbele pembeni yake, na Bibi akafungua dirisha ili watu wa njiani wamsalimie. Tayari macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliwajua watu kwa sauti, akawajibu kwa majina. Akishuka alikuwa amechafuka vumbi mpaka kwenye nyusi, na furaha tele.

Nilikuwa darasa la nne baba mdogo Festo aliporudi. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Shule ilimchukua Dar es Salaam, ikampeleka Uingereza, na kazi ikampeleka Kanada. Sokoni walimwita "bwana mabara matatu", na hakuna aliyecheka akilisema jina hilo. Alikuja likizo ya mwezi mmoja na gari aliloagiza Japani, akalipokea bandarini na kuliendesha mwenyewe kutoka Dar mpaka Kibondo. Lilikuwa la aina ya saluni, gari la chini la saizi ya kati, la rangi ya fedha, na viti vyake vilikuwa laini kama sikio la mbuzi. Watu walijaa uani. Festo akamshika Bibi mkono, akamgusisha boneti, mlango, kiti.

"Mama, hili ni lako," akasema. "Kuanzia leo hupandi tena lori kama gunia."

Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa amesimama pale pale karibu na tairi la nyuma, na mimi nilimwona akitazama chini ya gari. Nilidhani analistaajabia. Sasa najua alikuwa anapima nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi.

Jioni zile baba mdogo alikaa nasi uani kabla ya chakula, akatusimulia magari ya huko. Uingereza, alisema, barabara za vijijini ni nyembamba, zimebanwa na ua wa miti pande zote mbili, na magari mawili yakikutana mmoja husubiri, mwingine hupita, kisha wanapungiana mkono. Honi hupigi ovyo. Honi huko ni matusi. Kanada wanaendesha upande wa kulia, barabara pana, na gari linateleza kwa saa nane unashuka mgongo hauumi. Wakati wa theluji kiti chenyewe kinapashwa moto kama mkate. Penye njia panda nne kila mtu anasimama, aliyefika kwanza anatangulia, wala hapana polisi. Mimi nilisikiliza mdomo wazi. Baba alisikiliza pia, mikono magotini, kisha akauliza swali moja tu.

"Na mwenye mzigo mzito anayeshuka mlima, nani anampisha?"

"Kaka, kule kila mtu anafuata sheria."

"Sawa," baba akasema.

Baadaye nilimsikia mama jikoni akimnong'oneza jirani: "Festo amekuja kuchukua nafasi ya kaka yake. Subiri uone." Nikaliweka neno hilo kichwani kama mtoto anavyookota kifuniko cha soda. Sikujua la kulifanyia, ila lilikuwa langu.

Wiki ya kwanza baba mdogo alituzungusha mjini, na kila safari ilikuwa ugomvi mdogo ambao mimi niliuona kama somo. Alipowakuta kina mama wenye mizigo ya mihogo pembeni mwa barabara alisimama kabisa ili wavuke. Wao hawakuvuka. Gari likisimama mbele yako hapa kwetu, mwenye gari ana shida nawe. Basi walisimama, wakatutazama, sisi tukawatazama. Baba mdogo akawapungia mkono wapite. Wakampungia na wao, kwa adabu. "Pita tu, Festo," baba akasema, "wanakusubiri wewe." Festo akakasirika: "Mtu wa miguu ana haki ya kwanza!" Tukakaa pale mpaka mama mmoja akatua mzigo wake akaja dirishani kuuliza tumepotea au vipi.

Kwenye kona alikataa kupiga honi. Baba alimwambia, taratibu, kwamba kwenye kona hizi honi si matusi, honi ni hodi. Festo akacheka. Aliendesha upande wake wa kushoto kabisa hata pale ambapo kushoto palikuwa na mfereji na mawe, wakati kila dereva wa kwetu hushika katikati palipolainika, akamwachia mwenzake wanapokutana. Kwenye ile mikunjo ya barabara iliyo kama bati, alipunguza mwendo, na gari likatetemeka mpaka meno yakagongana. "Ongeza kidogo, likae juu ya mikunjo," baba akasema. "Kaka, wewe umezoea lori," Festo akajibu. "Hili ni gari."

Nilimwonea baba aibu. Nataka niseme wazi, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Nilidhani baba hajui gari la kistaarabu, na kwamba yale maneno yake madogo madogo ni wivu wa mtu aliyekaa kiti cha abiria.

Siku ya safari tuliondoka Kibondo asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Bibi alikuwa anapelekwa hospitali ya misheni Kabanga, karibu na Kasulu, kutolewa mtoto wa jicho. Tulikuwa wanne. Baba mdogo kwenye usukani, baba kushoto kwake, mimi na Bibi nyuma. Nilichukuliwa ili niwe macho ya Bibi, nimshike mkono chooni na kumwambia nani amesimama mbele yake. Baba alikuwa amependekeza tupande lori la Mzee Salum ambalo siku ile lilikuwa linakwenda Kasulu na dereva wa zamu. Festo hakutaka hata kusikia.

Alitufunga mikanda wote. Akawasha kiyoyozi, akafunga vioo. Bibi akajikunyata ndani ya kitenge chake.

"Festo, mwanangu, mbona baridi?"

"Ni raha hiyo, mama. Zoea."

"Na nimekaa chini sana. Magoti yako kifuani, kama nachuma karanga."

Baba akacheka kidogo, Festo hakucheka. Tulipofika kwenye mawe, tumbo la gari likaanza kugonga, kila pigo likipanda kupitia kwenye kiti mpaka kwenye uti wa mgongo. Kila lilipogonga Bibi alisema "Oya!", hapana kwa Kiha, kama anayekataza mtoto. Kisha akaniuliza sikioni, "Tumepita kwa nani sasa?" Nikatazama nje. Watu walikuwa wanapunga mikono, lakini vioo vilifungwa, sauti zao hazikuingia. Sikujua majina yao. Nikamwambia hakuna mtu.

Karibu nusu ya njia kulikuwa na mto, na daraja jembamba la gari moja, lenye mteremko mkali pande zote mbili. Sisi tulikuwa tumeanza kushuka upande wetu. Upande wa pili, kwenye mteremko wao, lori lilikuwa linakuja limejaa mbao, vumbi likilifuata nyuma kama moshi. Sisi tulikuwa karibu zaidi kidogo na daraja kuliko lile lori. Lori likawasha taa kubwa, likazima, likawasha tena.

Baba mdogo akatabasamu. Nilimwona kwenye kioo. "Mnaona?" akasema. "Hata huku wastaarabu wapo." Akainua mkono kumshukuru dereva wa lori, akakanyaga mafuta.

Baba akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile kabla wala baada ya hapo.

"Simama, Festo! Hajakupa, ameichukua! Ameichukua!"

Festo akageuza uso kumtazama, na mguu wake haukutoka kwenye mafuta. Mbele yetu lori halikupunguza mwendo hata kidogo. Baba akanyoosha mkono, akaushika usukani, akauvuta kwake kwa nguvu zote. Gari likaacha barabara hatua chache kabla ya daraja, likaruka mfereji, likapiga kichuguu ubavuni, likalala kwa upande kwenye nyasi. Nyuma yetu nilisikia mbao na minyororo vikipita darajani kwa mngurumo mkubwa, honi ndefu, kisha vumbi likatufunika na lori likaenda zake. Dereva wake hakusimama. Labda asingeweza kusimama hata angetaka.

Mkanda ulikuwa umemvunja Bibi mfupa wa bega. Baba mdogo alichanika paji la uso. Mimi na baba tulikuwa na michubuko tu. Baba alitutoa mmoja mmoja kupitia dirishani, akamfunga Bibi mkono kifuani kwa kile kitenge. Festo alikaa kwenye nyasi akirudiarudia, "Alinipa njia. Alinipa njia kabisa. Ulinivutia usukani, kaka. Alinipa njia."

Gari lililotuokoa lilikuwa na Wakongo wanaofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye sauti ya mhubiri, alimbeba Bibi akisema, "Mama, usilie, tunakupeleka ku lopitalo, Mungu iko." Bibi hakuwa analia. Aliuliza tu, "Watoto wangu wote wapo?" Baba akaitikia kwa Kiha, "Ego, mama. Wote."

Wiki mbili baadaye ukoo ulikaa Kibondo, uani kwetu. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Lukasi, mdogo wake marehemu babu. Hakuna hata mmoja kati ya wale wazee aliyewahi kuendesha kitu kinachozidi baiskeli.

Baba alieleza. Alisema: "Lori liliwasha taa mara mbili."

Baba mdogo akaruka. "Wazee mmesikia? Amekiri mwenyewe! Liliwasha taa mara mbili. Nimeendesha mabara matatu. Mtu akikuwashia taa anakwambia pita. Nilipita. Kaka akaninyang'anya usukani."

"Hapa akikuwashia taa anakwambia ninakuja, kaa huko," baba akasema.

"Taa ni taa, kaka. Taa haina kabila."

Wazee wakacheka, na baba alipojaribu kusema tena kicheko kilikuwa bado hakijaisha. Nadhani mambo yaliamuliwa hapo, kwa kicheko, lakini Mzee Lukasi alitaka haki ionekane imetendeka. Akamuuliza Bibi aliyekuwa amekaa mkekani. Bibi akajibu, "Mimi sioni," akanyamaza. Wakati ule nililichukua jibu lile kama lilivyo, kuwa kipofu hawezi kuwa shahidi. Leo najua kuwa Bibi alikuwa na masikio makali kuliko sisi sote, na alikuwa amesikia kila neno ndani ya gari lile. Alikuwa na wana wawili mbele yake, basi.

Ndipo Mzee Lukasi akaniita mimi. "Mjukuu wangu, wewe una macho. Baba yako alishika usukani?"

"Alishika."

"Gari lilikuwa barabarani?"

"Lilikuwa barabarani."

"Na alisema nini?"

"Alisema, 'ameichukua'."

"Ameichukua? Nini?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Mtoto wa darasa la nne anaruhusiwa kutojua. Lakini watu wazima wote walikuwa wananitazama, na kichwani nilikuwa na kile kifuniko changu cha soda, kile nilichokiokota jikoni. Nikakitoa.

"Nafasi yake," nikasema. "Baba mdogo amechukua nafasi ya baba."

Mzee Lukasi akatikisa kichwa polepole, akasema kwa huzuni, "Wivu." Mama akatoka mbio jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Siyo hivyo! Mtoto hajui!" Wakamwambia kikao hakijamwita. Baba alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama barabara iliyoharibika usiku mmoja, akitafuta pa kupita.

Wakaamua baba amwombe mdogo wake radhi, na asimchukue tena Bibi safari yoyote. Baba akaomba radhi. Mzee Lukasi akanipa andazi kwa kuwa nilisema kweli, na mimi nikalila.

Uamuzi ule haukuhitajika, kwa maana Bibi hakupanda tena gari la mtu yeyote. Bega lilipona, lakini kila tulipotaja Kabanga alisema oya. Tukamwambia habari za wagonjwa waliotolewa mtoto wa jicho wakarudi wanachambua mchele. Oya. Ukungu ukafunga macho yote mawili, na miaka yake yote iliyobaki, ambayo ilikuwa mingi, aliishi gizani umbali wa safari ya asubuhi moja tu kutoka kwa daktari.

Habari ilifika Kasulu kabla ya baba. Mzee Salum hakuwa mtu mbaya. Alimwita dukani, akamwagizia kahawa, akamwambia, "Zakayo, pumzika kidogo." Hakumwambia mpaka lini. Baba alipumzika mwezi, akapumzika mwaka, kisha akachukua jembe akaenda kwenye shamba la mihogo Busunzu, na huko ndiko alikozeekea. Nilipokuwa sekondari nilimuuliza siku moja tukipalilia, "Baba, kwa nini uliushika usukani?" Akajibu, "Lori lilikuwa linakuja." Nikaona ananikwepa. Bila shaka lilikuwa linakuja. Lakini lilikuwa limetupa njia, si ndivyo? Hivyo ndivyo nilivyoibeba hadithi ile, kama kitu kilichokwisha kuthibitishwa, na mimi ndiye niliyekithibitisha.

Nikawa muuguzi. Nikajifunza kuendesha gari hapa hapa Kasulu, na mwalimu alinifundisha kwamba anayekuja akiwasha taa, msubiri. Nikajifunza, nikafaulu, wala sikuunganisha chochote. Ndivyo akili inavyofanya kazi ikiwa imeshapewa andazi.

Halafu nikapata nafasi ya miaka miwili Uingereza, kuhudumia wazee majumbani. Nilipewa gari la saluni la kazini, kubwa kidogo, tulivu mpaka unasikia saa yako ya mkononi. Siku moja nilikuwa na mwenzangu, mama mtu mzima wa pale pale, tukaingia kwenye kijia chembamba kilichobanwa na ua wa miti. Mbele likatokea gari, likawasha taa mara mbili. Mimi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikabana pembeni kabisa, magurudumu kwenye majani, nikasubiri lipite. Halikupita. Likawasha tena. Nikazidi kujibana.

"Unasubiri nini?" mwenzangu akauliza.

"Namsubiri apite. Anakuja."

"Haji. Anakupa njia."

Anakupa. Nilisikia sauti ya baba ikimjibu ndani ya kichwa changu, kelele ile ya pekee: Hajakupa, ameichukua. Njia! Alikuwa anasema njia. Mtu yule wa mbele aliendelea kusubiri kwa ustaarabu wake wote, na mimi nilikuwa nimeweka paji la uso kwenye usukani, nashindwa kuondoa gari, mwenzangu akiniuliza kama nimeugua.

Jioni ile nilimpigia baba mdogo simu Kanada. Nikamweleza kijia, taa, kila kitu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua mwezi ule ule. Nilipokuwa naondoka nilipanda lori mpaka Nyakanazi. Penye daraja dereva akawasha taa na hakusimama. Nikamuuliza. Akanieleza, akashangaa kwamba sijui."

"Na hukurudi kusema?"

"Ningerudi vipi? Kikao kilikwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimefika mbali, unanielewa? Baba yako alikuwa amezoea. Na yale mambo yalikwisha zamani."

"Hayajaisha, baba mdogo. Anapalilia mihogo."

Akasema kuna mtu mlangoni. Nilitupa simu kitandani, nikatembea chumbani mpaka kulipopambazuka, na asubuhi nikaenda kazini nikamwogesha mama wa mtu.

Bibi alifariki mwaka niliorudi. Baba mdogo akaja kuzika. Sikumsalimia vizuri na hilo silijutii. Baada ya mazishi, ndugu walipokaa uani Kibondo, nilimfuata nikamwambia asiposimama yeye nitasimama mimi. Alikuwa amezeeka, mashavu yamemlegea. Akasimama.

Akasema yote. Nitamtendea haki: hakuficha kitu. Alisema taa zile hazikuwa ruhusa, kaka yake alijua na yeye hakujua, usukani usingevutwa tungekufa darajani, na kwamba aliujua ukweli huo miaka yote akanyamaza. Mimi nilikuwa natazama nyuso, nikisubiri zibadilike. Vijana walikuwa wanatazama simu zao. Shangazi mmoja alikuwa anamnywesha mjukuu uji. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ametangulia, hakuwepo kusikia. Wazee wote wa kikao kile walikuwa wameondoka duniani isipokuwa Mzee Lukasi, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake, mkono nyuma ya sikio.

"Anasema ajali gani?" akauliza.

Jirani yake akamwinamia, akamweleza kwa sauti kubwa: gari, daraja, zamani zile, Bibi alipovunjika bega.

"Aaa," Mzee Lukasi akasema, uso wake ukachangamka kwa kukumbuka. "Ile ajali ya Zakayo!"

Nilisimama. Nilikuwa tayari kupiga kelele mbele ya msiba, mbele ya mchungaji, mbele ya kila mtu. Baba, aliyekuwa mkekani karibu nami, akanishika pindo la kanga akanivuta nikae.

"Ndiyo, mzee," akamjibu. "Ni ile yangu. Tuliingia wanne, tukatoka wanne."

Mzee Lukasi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akauliza kama chai imebaki. Baba akanipa birika nimpelekee. Nikampelekea.